Ukishatuma mchango, bado una haki ya kuuliza

Nimekagua hesabu za taasisi za hisani kwa miaka mingi, na kitu cha kwanza ninachoomba siyo daftari la mapato. Naomba tangazo lenyewe la michango: kipeperushi, ujumbe wa WhatsApp, maneno yaliyosomwa msikitini au kanisani. Hayo ndiyo mkataba. Aliyetoa shilingi 2,000 alizitoa kwa ajili ya maneno yale, nami siwezi kuyapima matumizi kabla sijajua aliambiwa nini.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, Tanzania, nyumba nyingi zikaanguka, na michango ikamiminika. Kabla mwezi haujaisha, Rais alitengua uteuzi wa viongozi waliotuhumiwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Wengi wanakumbuka habari hiyo. Mimi lililonikaa moyoni ni la baadaye: serikali ilizipa kipaumbele taasisi za umma, yaani shule, vituo vya afya na miundombinu, ilhali waathirika wengi walitarajia mabati na saruji. Hapo sizungumzii wizi. Shule ilihitajika kweli. Lakini mtu aliyechanga baada ya kuona picha ya bibi amekaa nje ya nyumba iliyoporomoka alikuwa na kusudi lake, na kusudi likibadilishwa, yeye ni wa kwanza kupaswa kuelezwa.

Kwenye michango midogo tatizo hilo ni kubwa zaidi, na hazungumzi mtu. Niliwahi kuitwa na kamati moja iliyochangisha fedha za kumpeleka mtoto India kwa matibabu. Mtoto alifariki kabla ya safari. Zilikuwa zimebaki milioni kadhaa. Nusu ya kamati ilitaka wapewe wazazi, nusu ilitaka apewe mgonjwa mwingine, na mweka hazina, mtu mwaminifu kabisa, alikuwa halali usiku kwa sababu fedha zilikuwa kwenye simu yake. Tulipekua matangazo yote. Hakuna hata moja lililosema fedha zikibaki zifanyweje. Ikabidi tuwaandikie wachangiaji upya, mmoja mmoja, kuwaomba ruhusa. Wengi waliridhia siku hiyo hiyo. Waliotaka kurudishiwa walirudishiwa, na sikukubali mtu awaseme vibaya.

Kwa hiyo unapotumiwa namba ya kuchangia, angalia jina linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri: ni la taasisi au la mtu binafsi? Kama ni la mtu, uliza ni nani mwingine anayeliona salio. Uliza kama mchangishaji analipwa, na kiasi gani. Kulipwa siyo kosa. Kuficha ndiko kosa. Kama ni shirika lililosajiliwa, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka liandae kila mwaka taarifa ya shughuli zake na kuiweka wazi kwa umma. Omba taarifa hiyo bila kuona haya. Vyama vya wachangishaji vya Marekani viliandika haki 10 za mchangiaji mwaka 1993, na mojawapo ni hii hasa: kuhakikishiwa kwamba mchango utatumika kwa kusudi ulilotolewa. Wazee wetu walikuwa na neno moja tu kwa hayo yote, amana.

Tangu ile kesi ya mtoto, kamati yoyote ikinijia kabla ya kuchangisha naidai iongeze sentensi moja kwenye tangazo: fedha zikibaki, au safari isipowezekana, zitapelekwa wapi. Wapo wanaoona ni uchuro kuandika hivyo mgonjwa akiwa hai. Nawaelewa sana, na bado nawasihi waiandike.