Je, wajua kwa nini bustani humtuliza mwalimu?

Kwa miaka kadhaa niliwaambia walimu wenzangu kwamba dawa iko kwenye udongo wenyewe. Nilisikia kuna bakteria, Mycobacterium vaccae, anayemletea furaha mtu anayeshika udongo, nikawahimiza wapalilie mikono mitupu. Nilikosea, na kwa kuwa maelezo hayo bado yanasambaa, yafaa kuyanyoosha.

Bakteria huyo yupo kweli. Aina iliyofanyiwa utafiti ilitoka hapa jirani, kwenye tope la kando ya Ziwa Kyoga, Uganda. Wagonjwa wa saratani ya mapafu waliochomwa sindano yake pamoja na tiba ya kawaida hawakuishi muda mrefu zaidi, ila hali yao ya kila siku ilikuwa na nafuu. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Christopher Lowry, Bristol, Uingereza, likaonyesha kuwa bakteria hao, wakiwa wamekwisha kuuawa, huamsha seli za serotonini, kemikali inayohusishwa na hisia njema, katika ubongo wa panya. Ni panya, tena kwa sindano. Kutoka hapo hadi kwa mwalimu anayeng'oa magugu kwenye tuta la mchicha ni mbali sana.

Maelezo yenye uzito zaidi yanahusu umakini, na waliyafafanua Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1989. Chukulia umakini kama mlinzi wa geti. Kuingiza watu hakumchoshi; kinachomchosha ni kuzuia. Unapofundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa watoto 80, mlinzi anazuia kelele za darasa la jirani, dawati linaloburutwa nyuma, ripoti anayoidai mwalimu mkuu, na njaa yako mwenyewe. Kufika saa 9 alasiri yuko hoi. Ndiyo maana mwalimu mpole humfokea mtoto aliyeuliza swali zuri. Ukijilaza na simu, foleni getini haiishi: grupu la wazazi, habari, picha za watu.

Bustanini geti linaachwa wazi. Unageuza jani la sukuma wiki, unakuta vidukari vya kijivu vimejipanga kando ya mshipa, na jicho linabaki pale bila kulazimishwa. Ndege akilia, unamsikiliza, na hajakuharibia kitu. Hakuna wa kuzuiwa, basi mlinzi anakaa chini.

Mwaka 2011, huko Uholanzi, Agnes van den Berg na Mariëtte Custers waliwapa watu 30 kazi ya kuwachosha akili, kisha wengine wakalima bustani kwa dakika 30, wengine wakasoma ndani. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, lakini zaidi kwa waliolima. Hao walirudiwa na uchangamfu wao. Wasomaji walizidi kunyong'onyea. Tukumbuke kuwa ni watu wachache, wote wenye bustani tayari, na kundi moja lilikuwa nje.

Wala bustani haipunguzi watoto darasani. Hilo ni la wenye mamlaka. Mimi nimebadilisha ratiba tu: daftari zinakaa mezani mpaka nimwagilie. Mchicha wangu una siku 12, na jioni hii naupunguzia. Miche iliyobanana naing'oa kwa vidole, mmoja mmoja, maana jembe ni kubwa mno kwa kazi hiyo.