Je, wajua kwa nini nyuzi 32 za Darajani si nyuzi 32 za kichochoroni?

Mchana wa kaskazi redio hutangaza nyuzi 32 Unguja, na aliyesimama juani Darajani huapa kuwa ni 40. Wengi hudhani kituo cha hali ya hewa kinapunguza kwa kuwa kipimajoto chake kimefichwa kivulini. Kingeanikwa, ukweli ungejulikana.

Sivyo. Kipimajoto kilichoanikwa juani hakipimi tena hewa, kinajipima chenyewe. Kinameza miali na kupanda kuliko hewa inayokizunguka, na viwili vya aina tofauti vikiwekwa pamoja vitatoa majibu mawili. Ndiyo maana vituo hukifungia katika kisanduku cheupe kinachopitisha hewa. Hewa ya Darajani na ya kichochoro cha Mji Mkongwe mara nyingi hazipishani sana. Kinachopishana ni jua, pamoja na lami na mabati yanayokurudishia miali.

Ajabu ni kwamba wataalamu walilichukua kosa hilohilo wakalifanya chombo: tufe jeusi la shaba, kipenyo sentimita 15, lenye kipimajoto ndani. Hilo huanikwa makusudi, ili lipime joto la miali.

Ila kwetu kubwa zaidi ni fukuto. Mtungi unalieleza vizuri. Maji hupenya udongo kidogo kidogo, hukaukia nje, na kukauka huko huchukua joto la yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa kavu, maji hupoa. Ikijaa unyevu, mtungi hutota tu na maji hayapoi. Ngozi nayo ni hivyo: jasho linalokuchirizika mgongoni halikupozi, hupoza lile linalokauka. Kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi huiga mtungi. Katika nyuzi 32, unyevu ukiwa asilimia 30, hushuka hadi karibu 20. Ukiwa asilimia 75, hugota kwenye 28.

Kipimo kiitwacho WBGT, kilichobuniwa Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya askari waliokuwa wakizidiwa na joto mazoezini, huchanganya yote: kitambaa kibichi asilimia 70, tufe 20, hewa 10. Tuseme tufe linasoma 45 Darajani na 32 kichochoroni, kitambaa 28 kote kuwili. Jibu ni karibu 32 na 29. Nyuzi 13 za tufe zimezaa tofauti isiyofika 3! Hiyo ni hesabu ya mfano, maana kitambaa hubadilika kwa jua na upepo, na viwango vya hatari hutegemea pia kazi unayofanya na mwili kuzoea joto. Kichochoro kilichozibwa upepo huila sehemu ya nafuu ya kivuli chake.