Mpigaji wa besiboli asiyepata besi za bure: maana yake

Katika besiboli, mrushaji akitupa mpira nje ya eneo halali, yaani ile nafasi iliyo juu ya kibao cha kupigia, kuanzia chini kidogo ya goti la mpigaji hadi karibu na kifua chake, na mpigaji akauacha upite, mwamuzi huuhesabu kuwa mpira mbaya. Mipira mibaya ikifika minne katika zamu moja, mpigaji hupewa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bila kupiga chochote; hiyo ndiyo besi ya bure. Kanuni hiyo ya mipira minne imedumu tangu 1889. Katika ligi kuu ya Marekani, takriban zamu 8 katika kila 100 huisha kwa njia hiyo. Mchezaji ambaye zamu zake huisha hivyo mara 3 au 4 tu katika 100 ndiye mpigaji asiyepata besi za bure.

Kwa miaka mingi tabia hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu wastani wa upigaji, yaani sehemu ya zamu ambazo mpigaji alifika besi kwa kupiga mpira, kipimo kilichotawala magazeti, hauzihesabu kabisa zamu zilizoishia kwenye besi ya bure. Alfonso Soriano wa timu ya New York Yankees alimaliza msimu wa 2002 akiwa na wastani wa 0.300, mipira 39 iliyovuka uzio na besi 41 za kuiba, yaani alizokimbilia bila kungoja mwenzake apige mpira, mafanikio ambayo mshambuliaji yeyote angeyaonea fahari. Hata hivyo alipata besi za bure 23 tu, na kiwango chake cha kufika besi, ambacho huzijumlisha, kilikuwa 0.332. Mpigaji mwingine, Barry Bonds, mwaka 2004, alipewa besi za bure 232 na kiwango chake kikawa 0.609. Kwa kuwa timu hupoteza nafasi ya kushambulia baada ya wachezaji watatu kutolewa, kila anayefika besi bila kutolewa huurefusha muda wa timu yake kupata pointi, na hapo ndipo hasara ya mtu wa aina ya Soriano inapoonekana.

Lakini si haki kuwatia wote katika kapu la wenye papara. Soriano, msimu huohuo, alitolewa kwa straiki tatu mara 157 (straiki ni kama mpigaji kurusha gongo akaukosa mpira, au kuuacha mpira halali upite): aliifuata mipira mibaya na mara nyingi akaikosa. Luis Arraez, Mvenezuela aliyekuwa bingwa wa wastani wa upigaji mwaka 2022, 2023 na 2024, kila mwaka akiwa na timu tofauti, alipata besi za bure 24 tu katika msimu wa 2024, ila alitolewa kwa straiki mara 29 pekee. Huyu zamu yake huisha mapema kwa sababu gongo lake huupata mpira karibu kila anapolizungusha, na mipira mibaya minne haipati muda wa kujikusanya. Idadi ya besi zao za bure inakaribiana, ilhali chanzo chake hakifanani hata kidogo, na kwa maoni yangu anayetaja idadi hiyo bila kutaja straiki hajasema lolote la maana.

Yupo pia Vladimir Guerrero, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliyeingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 2018. Alipiga hata mipira iliyodunda chini kabla ya kumfikia, na bado hakuna msimu aliotolewa kwa straiki mara 100. Kwao Dominika kuna msemo wa wachezaji kwamba hakuna aliyeondoka kisiwani kwa kupewa besi za bure, kwa maana kwamba wasaka vipaji kutoka Marekani humtazama kijana anavyopiga, si anavyoacha mipira ipite. Warushaji walipokwisha kumjua Guerrero waliacha kumpa mipira mizuri, kwa kuwa hapana sababu ya kumtupia ndani ya eneo halali mtu aliye tayari kuufuata mpira nje. Alipostaafu alikuwa na besi za bure 737, na 250 kati ya hizo alipewa kwa makusudi, wapinzani wakiona ni nafuu kumwacha aende besi ya kwanza kuliko kumruhusu apige.