Elimu kwa Umma: Kutoa Hewa Kwenye Mfumo wa Mafuta wa Injini Ndogo za Dizeli

Kila kusi inapovuma, malalamiko ya boti kuzimika kati ya kisiwa cha Ulenge na bandari ya Tanga huongezeka, na manahodha wengi hutuambia sisi wakaguzi wa vyombo kwamba injini ilikuwa nzima, ikazima yenyewe. Injini ya dizeli haizimi yenyewe. Mara nyingi mafuta ya tangi yalikuwa kidogo, mawimbi yakayarusha upande mmoja, na bomba likanyonya hewa.

Dizeli haibanwi kirahisi, lakini hewa hubanwa. Pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli zinazoinyunyizia ndani ya silinda, ikikuta hewa, haipati mgandamizo wa kufungua nozeli, hata kama betri ni mpya. Wengine hutafuta mahali panapotona mafuta, wakikosa wanasema mfumo ni mzima. Ndugu zetu, kati ya tangi na pampu ya kuvutia mafuta mfumo unanyonya, kwa hiyo mpira wenye ufa hapo hautatona hata tone. Utaingiza hewa tu.

Baada ya kukaza viungo na kujaza tangi, legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta, kisha sukuma mafuta kwa kile kikono kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta. Kikono kikiwa kimelegea hakisukumi kitu, pampu haijafa: zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Litatoka povu, kisha vipovu kimoja kimoja, kisha mafuta matupu. Hapo ndipo unakaza, siyo kabla. Rudia hivyo kwenye pampu ya nozeli. Injini ikikataa bado, legeza nati za mabomba kwenye nozeli nusu mzunguko, vuta mkono wa mafuta (aksileta) hadi mwisho, na upige starta mpaka mafuta yaruke, ukiweka mkono mbali kwa sababu mafuta yenye mgandamizo hupenya ngozi.

Kwa injini zinazotoa moshi pamoja na maji ya bahari, funga koki ya kuingizia maji ya bahari kabla ya kupiga starta mara nyingi. Injini isiyowaka haina nguvu ya kusukuma maji nje, hivyo maji hujaa kwenye sailensa na kurudi ndani ya silinda, na tatizo la hewa linageuka kuwa injini ya kufunguliwa yote. Ikishawaka, fungua koki papo hapo, maana impela ya mpira, lile gurudumu la mapezi ndani ya pampu ya maji, haivumilii kuzunguka kavu.

Mafuta yanayotoka yakingwe kwa kopo na matambara, yasimwagwe baharini.

Katika ukaguzi tunaangalia mpira, klipu na filta. Chombo ambacho mpira wake wa mafuta umefungwa kwa waya au kipande cha nailoni hakipitishwi. Mmiliki huandikiwa kasoro, huzirekebisha, kisha huomba ukaguzi upya, na mpaka hapo hapakii abiria. Kutuambia kwamba fundi yuko njiani hakuhesabiki kuwa marekebisho.