Je, umri una uzito gani CCM inapoteua mgombea urais?

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Kiwango cha juu hakuna. Ubunge unahitaji miaka 21, kupiga kura 18. Ndiyo maana mwaka 2015 Zitto Kabwe, pamoja na umaarufu wake wote, hakuwa na sifa ya kugombea urais: siku ya kura, tarehe 25 Oktoba, alikuwa ametimiza 39 mwezi mmoja tu nyuma.

Ila walioingia Ikulu wameipita 40 kwa mbali. Nyerere peke yake aliapishwa akiwa nayo, mwaka 1962. Mwinyi alikuwa na 60, Mkapa 57, Kikwete 55, Magufuli 56, Samia 61.

Sababu iko kwenye mchujo wa Dodoma. Mwanachama anachukua fomu makao makuu, anazunguka mikoani kusaka wadhamini, anairudisha. Kamati Kuu inabakiza majina matano, Halmashauri Kuu matatu, Mkutano Mkuu unapigia kura hayo matatu. Mwaka 2015 fomu zilichukuliwa na watu 42. January Makamba, miaka 41, aliingia tano bora, kisha akakwama Halmashauri Kuu. Usikimbilie kusema ni ujana: Bernard Membe, aliyekwama naye hapo hapo, alikuwa na 61.

Wajumbe wanapima zaidi muda ambao mtu ameonekana kazini: wizara alizoshika, mikoa inayomfahamu, watu wanaomdai fadhila na anaowadai. Mtaji huo haupatikani kwa miaka mitano. Umri unakuja nao tu.

Kikwete ndiye mfano mzuri. Mwaka 1995, akiwa Waziri wa Fedha mwenye miaka 44, aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Mkapa. Hakufikisha nusu. Cleopa Msuya, wa tatu, akatoka, na duru ya pili Mkapa, aliyeshika Mambo ya Nje kwa mara ya kwanza mwaka 1977, akashinda kwa 686 kwa 639. Kikwete alikaa Mambo ya Nje miaka kumi, akarudi ukumbi wa Chimwaga Mei 2005 akiwa na 54, akapata kura 1,072. Safari hiyo mkongwe ndiye aliyeachwa: Salim Ahmed Salim, miaka 63, alipata 476.