Je, wajua kwa nini mchumba wa kuazima harudishwi?

Riwaya za mapenzi za sikukuu zina kisa kimoja ambacho wasomaji wake hawakichoki. Binti amechoka kuulizwa "unaolewa lini?" kila Desemba, basi anamwomba mwenzake wa kazini ajifanye mchumba wake kwa wiki moja, Krismasi ipite. Wanawekeana masharti. Kushikana mikono ruksa, mengine marufuku, na tarehe 26 kila mtu ashike njia yake. Haifiki tarehe 26, wameshapendana kweli.

Nyingi huandikwa Marekani na Uingereza, theluji inadondoka nje na moto unawaka ndani. Ukihamishia kisa hicho Tanga, theluji inakuwa joto la kaskazi, na nyumba ya mashambani inakuwa baraza ya Ngamiani, shangazi kakaa na maswali yaleyale. Kinachogoma kuhama ni mchumba mwenyewe. Kwa nyumba nyingi za huku mchumba hashuki kwenye basi la Dar na begi mkononi akakaribishwa chai. Anatanguliwa na mshenga, posa na wazee. Mwandishi wa Tanga angelazimika kuazima mshenga wa uongo na wazee wa uongo pia, na kabla ya magharibi mmoja wao angeshatambuliwa kuwa ni fundi baiskeli wa mtaa wa pili.

Tuyaache hayo. Swali ni kwa nini maigizo yageuke mapenzi, na kwa nini msomaji akubali.

Mimi jibu nilikuwa nalo, na nililitetea kwa miaka. Nilisema siri ni ujira. Anayelipwa vizuri huigiza vizuri, akiigiza vizuri huzoea, akizoea hupenda. Mdogo wangu wa kike, ambaye huzisoma riwaya hizi kwenye simu mpaka chaji inakwisha, aliniuliza swali moja: "Sasa kaka, mbona wakilipana pesa nyingi, lazima ifike mahali mmoja airudishe?" Nikamjibu kwamba huo ni uungwana tu, mwandishi anamsafisha mhusika wake asionekane kauza moyo. Nikajiona nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimeishika hoja mkiani: pesa nyingi haileti mapenzi, inayazuia. Na si mdogo wangu aliyenionyesha hilo (ingawa hadi leo anadai ni yeye), bali jaribio moja la saikolojia lisilo na chembe ya mahaba.

Mwaka 1959, wanasaikolojia Leon Festinger na James Carlsmith walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Chuo Kikuu cha Stanford. Wanafunzi walipewa kazi ya kuchosha makusudi: nusu saa kujaza vigurudumu vya uzi kwenye trei na kuvitoa, kisha nusu saa nyingine kuzungusha vigingi 48, robo mzunguko kila kimoja, kimoja baada ya kingine. Baada ya hapo baadhi yao waliombwa wamdanganye msichana aliyejifanya anasubiri zamu yake (naye alikuwa kakodiwa) kwamba kazi ni tamu. Wengine waliahidiwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20. Mwishoni waliulizwa, kwa kipimo cha kuanzia -5 hadi +5, kazi iliwafurahishaje hasa. Wasioombwa kudanganya walitoa wastani wa -0.45. Wa dola 20 walitoa -0.05. Wa dola 1 walitoa +1.35. Waliouza uongo wao kwa bei ya kutupa ndio walioanza kuuamini.

Ili kuelewa, chukua akili kama mwenye duka anayetunza daftari. Kila kitendo chako ni mali iliyotoka, na mbele yake pana nafasi ya kuandika kilichoingia. Umedanganya, umepewa dola 20: anaandika "20", anapiga mstari, anafunga. Umedanganya, umepewa dola 1: hesabu haikai. Kilichotoka ni kikubwa, kilichoingia ni kidogo, na mwenye duka huyu hapendi pengo. Kitendo hakifutiki, msichana ameshasikia. Kwa hiyo anajaza pengo kwa kitu pekee kilichobaki: "Labda kweli niliifurahia."

Au fikiria shughuli ya harusi. Aliyekodiwa kuosha masufuria anajua kwa nini anaosha. Aliyejitolea, akaambulia sahani ya pilau iliyopoa, kufikia sufuria la tatu lenye ukoko anasikika akisema, "Basi tu, bibi harusi huyu nampenda kama ndugu yangu."

Sasa rudi kwa mchumba wa kuazima. Angelipwa laki tano, kila tabasamu alilompa shangazi lingekuwa na risiti. Lakini amelipwa nini? Kapewa ahadi ya chakula cha mchana, au neno "utanisaidia siku nyingine". Kwa malipo hayo amesimama mbele ya ukoo mzima akaeleza walivyokutana. Daftari liko wazi. Na mwandishi aliyeanza na bahasha nono huirudisha kwa sababu hiyohiyo: bahasha ikitoka, ule mstari uliopigwa unafutika, na mhusika anabaki akijiuliza alifanya yote yale kwa ajili ya nini.

Mwanasaikolojia Daryl Bem, mwaka 1967, alipinga sehemu ya maelezo haya. Kwake hakuna pengo linalosumbua. Mtu hujitazama tu kama jirani anavyomtazama kutoka barazani, na akiona anambebea mwenzake mkoba bila kulipwa, anahitimisha kama jirani angehitimisha.

Hata hivyo, vigingi si watu, na kuongeza pointi moja na ushee kwenye kipimo cha furaha si kuoa. Mwaka 2024 maabara 39 zilirudia jaribio la jamaa na hili, la watu kuandika hoja wasiyokubaliana nayo. Walioandika walisogea kweli kuelekea walichoandika, lakini kuachiwa hiari ya kukataa hakukuongeza kitu, wakati nadharia ya Festinger ilitabiri kungeongeza. Kisa hakijafungwa, kwa hiyo usimlaumu Festinger mchumba wako wa kuazima akipanda basi tarehe 26 bila kugeuka nyuma.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya kiada hulipita. Stanford walianza na wanafunzi 71, na majibu ya 11 yakaondolewa kwa sababu mbalimbali. Mmoja wa hao 11 aliondolewa kwa kuwa, mara tu alipomaliza kumdanganya yule msichana, alimwomba namba ya simu. Alisema atampigia amweleze yote.