"Si anacheza tu?" Hapana, yuko kazini

Juzi tena, lokesheni Mbezi, prodyuza kaniambia: "Dada, mtoto si anacheza tu? Na mama yake yupo." Mimi ni msaidizi wa mwongozaji, na maneno hayo nimeyachoka.

Kinachotuponza ni kucheza rede na kucheza filamu kuwa neno moja. Anayecheza rede akichoka huacha. Huyu akichoka tunaingia teki ya nane, yaani tunarudia sini mara ya nane, kisa bodaboda imepita ikaharibu sauti.

Saa hazina mjadala: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Sini ya usiku piga mchana, ziba madirisha kwa kitambaa cheusi.

Na huyo mama? Bahasha anapokea yeye, na kodi ya chumba inamsubiri. Atathubutu vipi kusema mwanangu kachoka? Marekani walijifunza kwa Jackie Coogan, nyota wa filamu tangu utotoni: alipokua alikuta mamilioni yake yametumiwa na mama yake mzazi na baba wa kambo. Akawashitaki 1938, akaambulia kama dola 126,000. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria. Leo asilimia 15 ya malipo ya mtoto hutengwa kwenye akaunti hadi atimize miaka 18.

Lakini kinachoniuma kuliko pesa ni machozi. Nimeshuhudia mtoto wa miaka 6 akiambiwa mama yake kagongwa na gari, ili alie. Akalia. Sini ikatoka safi, watu wakapiga makofi. Yule hakuigiza, aliumia, sisi tukarekodi. Mama alikuwa kaenda kununua maji. Aliporudi, mtoto alishika khanga yake, hakuiachia hadi tunafunga vifaa.

Na haikuwa lazima! Mpige picha kwa mgongoni. Onyesha vidole vinavyokunja shati, sauti ya kilio weka baadaye. Mtazamaji atalia mwenyewe. Ukisema "kata", mwite kwa jina lake la nyumbani, mpe maji, aondoke kwenye taa.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo inasema umri wa kuanza kazi ni miaka 14, na wiki hii natafuta mtoto wa miaka 6. Najitetea kwamba hadithi ya familia ikikosa watoto ni ya uongo. Utetezi huo nikiupeleka kwa yule aliyeng'ang'ania khanga, hautoshi.